Kumcheka Mke na Kucheka na Mke



Parokia nyingi za Eastlands, kuanzia Makadara hadi Kayole, zinaufahamu mchezo huu. Siku ya familia, watu wakishakula, akina mama huweka viti viwili na meza moja mbele ya ukumbi. Mmoja wao huvaa koti la mumewe, akajichora masharubu kwa makaa, na kichekesho kikaanza. Baba anaingia saa tano za usiku. Mama anauliza alikuwa wapi. Baba anauliza chakula kiko wapi. Mama anauliza pesa za chakula ziliachwa wapi. Baba anatazama dari kana kwamba pesa zimeandikwa huko. Hazipiti dakika kumi kabla ukumbi mzima haujashika mbavu.

Mambo yanayoigizwa tunayajua sote. Tokeni za stima zimekwisha katikati ya kupika. Maji ya mfereji hayajaonekana tangu Jumanne. Mwenye nyumba anagonga mlango na watoto wanaambiwa waseme mama hayuko. Mama mkwe amefika kutoka nyumbani na gunia la viazi, bila kuarifu mtu, na kitanda ni kimoja. Mtoto amerudishwa kwa sababu ya karo. Kila moja ya taabu hizi humfika mama kwanza kabla ya kumfika baba, na kila moja, ikiigizwa vizuri, huchekesha.

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: Je, ni halali kucheka taabu ya mke? Si swali dogo kama linavyoonekana. Katika mafundisho ya ndoa nimesikia majibu mawili, na yote mawili hukimbia upesi mno.

Jibu la kwanza husema: hapana, michezo hiyo ni aibu. Ndoa ni sakramenti, na mambo ya nyumba ya mtu hayaanikwi kwenye ukumbi kama nguo kwenye kamba. Jibu la pili husema: ah, ni mchezo tu, watu wanajifurahisha, mbona unatafuta dhambi hata kwenye kicheko? Tuyapime haya mawili kwa utaratibu.

Ukuta usioficha neno

Tuanze na lile la aibu. Mitaa mingi ya zamani ya upande wetu wa Nairobi ilijengwa wakati wa ukoloni kwa kumfikiria mwanamume peke yake. Mfanyakazi wa reli au wa baraza la mji alipewa nafasi ya kitanda na sanduku lake, na mkewe akatarajiwa kubaki mashambani. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kupangwa kwa ajili ya familia. Baadaye zikaja nyumba nyingine, na baada ya Uhuru zikaja Buruburu, Umoja na Dandora, ambayo mpango wake wa viwanja ulianza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Leo tunazo ghorofa za Kayole na Pipeline ambako madirisha yanatazamana kama watu wawili kwenye matatu.

Kwa hiyo mke wa Eastlands aliingia katika nyumba ambazo nyingi hazikupangwa kwa ajili yake, akaishi nyuma ya ukuta usioficha neno. Wana ndoa wa ploti wakigombana, jirani wa kushoto hukohoa na yule wa kulia huongeza sauti ya redio. Asubuhi mama huyo huchukua mitungi na kwenda kupanga foleni ya maji, na wote waliopo pale wamesikia, na hakuna hata mmoja awezaye kusema amesikia. Wanazungumza juu ya bei ya sukuma wiki.

Basi, kichekesho kinafichua siri gani? Hakuna siri. Kuna jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeruhusiwa kulitaja. Mama akivaa koti la mumewe na kuliigiza, haaniki nguo mpya. Anaitaja ile ambayo imekuwa ikining'inia mbele yetu siku zote. Wazee walisema mficha uchi hazai. Anayesema michezo hii inaleta aibu, mara nyingi anachoogopa hasa ni kwamba itatulazimisha kukiri kwamba tulikuwa tunasikia.

Hata redio na televisheni zetu zilifanya kazi hiyo kabla yetu. Wengi wenu mnakumbuka kituo kilipokuwa kimoja tu nchini, kile cha Sauti ya Kenya kilichoitwa KBC kuanzia 1989, na jinsi watoto wa ploti nzima walivyojazana katika nyumba yenye televisheni ili kutazama Vitimbi. Mzee Ojwang, yaani marehemu Benson Wanjau aliyefariki Julai 2015, na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, walikuwa mume na mke ambao nusu ya nchi iliwajua kama majirani. Tulimpenda Mama Kayai kwa sababu hakuwa mke wa kumezwa na maneno ya mumewe. Alijibu. Baadaye, miaka ya 2000, ikaja Papa Shirandula ya Citizen, ambamo marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliigiza askari wa lango anayemficha mkewe Wilbroda kazi anayofanya. Tulicheka sana. Lakini mke ambaye hajawahi kuona karatasi ya mshahara ya mumewe tangu siku ya harusi alicheka kwa namna yake.

Mchezo tu?

Sasa tulitazame jibu la pili, kwamba ni mchezo tu. Hapa lugha yetu inatusaidia, maana Kiswahili kina mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. Kuna kumcheka mtu, na kuna kucheka na mtu. Tofauti ni ya silabi chache, lakini ukimuuliza mkeo atakueleza kwamba ni tofauti ya mbingu na ardhi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeishi karne ya 13, alijiuliza kama mzaha na michezo inaweza kuwa fadhila, akajibu kwamba inaweza. Roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ni pumziko lake. Alifika hata kusema kwamba mtu asiyefurahi kamwe na asiyewaacha wengine wafurahi ana kasoro. Kwa hiyo tusimsingizie Mungu ukali wetu wenyewe.

Lakini mwalimu huyo huyo aliiweka dhihaka miongoni mwa dhambi za ulimi, na sababu aliyoitoa inatufaa sana sisi watu wa ndoa. Alisema kwamba anayecheka huwa analichukulia jambo la mwenzake kuwa dogo. Sasa, jambo linaweza kuwa dogo kwa njia mbili. Linaweza kuwa dogo lenyewe. Au unaweza kuliona dogo kwa sababu unamwona mwenye jambo hilo kuwa mdogo, mtu ambaye maumivu yake hayana haja ya kupimwa. Njia ya kwanza ni kosa jepesi, na pengine si kosa. Njia ya pili ni dharau nzito.

Tulete hoja hiyo mezani kwetu. Mama Njeri ameunguza ugali kwa sababu alikuwa akimnyonyesha mtoto huku akimwonyesha mwingine hesabu. Ugali ulioungua ni jambo dogo, na mkicheka wote wawili hamjamkosea Mungu. Lakini Mama Njeri akisema, "Baba Njeri, ni mwaka wa tatu sijaenda kumwona mama yangu," na Baba Njeri akacheka mbele ya marafiki na kusema, "Wanawake na safari!", jambo hilo si dogo. Amelifanya dogo kwa kumfanya mkewe mdogo. Neno "ni mchezo tu" haliwezi kumwokoa, kwa sababu mchezo wake umesimama juu ya kichwa cha mtu.

Kipimo hiki kinafaa pia kwa michezo ya ukumbini. Tazama nani anavaa nguo za nani. Mama akivaa koti la mumewe, mtu mwenye sauti ndogo anamwigiza mwenye sauti kubwa, ili kwa dakika kumi sauti zilingane. Lakini mwanamume akijifunga kitenge, akaweka mito miwili kifuani na kupiga kelele kwa sauti nyembamba kuwa yeye ni mke, mara nyingi mwenye sauti kubwa anamnyang'anya mwenye sauti ndogo hata ile kidogo aliyonayo. Sisemi kila mwanamume anayeigiza mke anatenda dhambi. Nasema aulize: Je, mwanamke aliyeko ukumbini, akijiona ndani ya mchezo wangu, atasema "hapo umenipata", au atainamisha kichwa?

Wahenga wetu walijua hilo kupitia utani. Utani una masharti. Mtani wako anakutania, nawe una haki ya kumrudishia, papo hapo, hata msibani. Mzaha ambao mwenzako haruhusiwi kuujibu umetoka nje ya utani.

Utani wa Mtakatifu Monika

Hapa niwaletee mfano mgumu, maana hatufai kuchagua mifano rahisi tu. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha tisa cha Maungamo, anasimulia habari za mama yake, Mtakatifu Monika, aliyeishi karne ya 4 katika mji wa Tagaste, nchi ambayo leo ni Algeria. Mumewe Patrisi alikuwa mkali wa hasira na hakuwa mwaminifu kwake. Wanawake wa mji huo walikuwa wakija kuzungumza, wengine nyuso zao zikiwa na alama za kipigo, wakilalamikia waume zao. Naye Monika, anasema mwanawe, aliwajibu kama mtu anayetania, lakini akiwa na uzito ndani yake: kwamba tangu siku waliposomewa mkataba wa ndoa, wangejua kuwa mkataba huo umewafanya watumwa.

Hicho nacho ni kichekesho kifupi kuhusu wanawake katika taabu ya kila siku. Wahusika wapo, jukwaa lipo, na utani upo. Tuseme nini juu yake?

Kwanza, tumwelewe. Monika hakuwa na polisi wa kumwendea, wala mahakama, wala sheria ambayo ingempa mwanamke kinga. Alikuwa akiwapa wenzake njia ya kuishi hadi kesho, na wapo waliomshukuru. Pia angalieni kwamba hata yeye hakuweza kulisema neno hilo wazi. Alilivisha vazi la utani, kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake mchungu mno kusemwa ukiwa uchi. Pili, tuseme kwa heshima kwamba Kanisa halikumtangaza kuwa mtakatifu kwa sababu ya utani ule. Tunamheshimu kwa subira yake, kwa machozi yake, kwa sala yake. Twaweza kumwomba atuombee na bado tukaukataa utani wake usitumike leo katika jumuiya zetu.

Maana bado unatumika, tena na watu wasio na subira hata moja ya Monika. Mama akija kwenye jumuiya na jicho jeusi, utasikia mmoja akisema, "Dada, si ulikula keki ya harusi? Basi meza na hii." Wanacheka, na yule mama anacheka nao, kisha anakwenda nyumbani. Mzaha huo umefunga mlango. Umemwambia mama huyo kwamba sote tumeona, na kwamba hakuna kitakachofanyika.

Nyumba, kitanda na kanisa

Upo mzaha mwingine unaofungua mlango. Mwaka 1977, katika mji wa Milano nchini Italia, mwigizaji Franca Rame alianza kuonyesha mfululizo wa michezo mifupi ya kuchekesha aliyoitunga pamoja na mumewe Dario Fo, yule aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1997. Nisiwafiche: watu hawa hawakuwa marafiki wa Kanisa, na gazeti la Vatikani lilipinga tuzo hiyo. Lakini walikuwa mume na mke, walifunga ndoa kanisani mwaka 1954, nao walijua nyumba ni nini.

Katika mchezo mmoja, mke ambaye ni mfanyakazi wa kiwandani anaamka akiwa amechelewa. Lazima amwandae mtoto, ampeleke kwa mlezi, kisha awahi basi. Ufunguo wa nyumba haupo. Anaanza kurudia hatua zote za jana usiku ili akumbuke alikouweka, na katika kurudia huko tunasikia ugomvi wake wote na mumewe, ambaye wakati wote huo amelala. Mwishoni ufunguo unapatikana, anakurupuka kutoka, na hapo anagundua kwamba leo ni Jumapili. Hakuna kazi.

Mama wa Umoja hahitaji kufafanuliwa mchezo huo. Yeye huamka saa kumi na nusu ili awahi matatu kabla nauli haijapanda. Watu hucheka kwa sababu ya kosa la siku, lakini kicheko kikiisha swali linabaki: ni uchovu gani unaomfanya mtu asahau hata siku ya Bwana? Na kwa nini yule aliyelala hakuamka amwambie, "Mama, rudi ulale, leo ni Jumapili"?

Jina la mfululizo ule kwa Kiitaliano linataja mambo matatu: nyumba, kitanda na kanisa. Maana yake ni kwamba maisha ya mwanamke yamezungukwa na kuta hizo. Twaweza kukasirika kwamba Kanisa limetajwa kuwa ukuta. Mimi naona afadhali tujiulize kama kuna wakati tumelifanya kuwa hivyo. Mama akimweleza mzee wa jumuiya kwamba mumewe hunywa karo ya watoto, akajibiwa tu "ombea, vumilia", je, huyo mzee amekuwa mlango au ukuta?

Mvuke wa sufuria

Mtu mwenye akili aweza kunipinga hivi: hata kicheko kizuri ni hatari, kwa sababu hupunguza mvuke. Sufuria ikifunuliwa kidogo haichemki ikamwagika. Akina mama wanaigiza, wanacheka, roho zinatulia, na Jumatatu kila kitu kiko palepale. Mume amecheka sana ukumbini, amepiga makofi, na akifika nyumbani anauliza chakula kiko wapi.

Pingamizi hili ni la kweli, nami silipuuzi. Kicheko kinaweza kuchukua nafasi ya haki. Mume anayecheka taabu ya mke huweza kudhani tayari amelipa deni, kama mtu anayetia shilingi kwenye kikapu akadhani amewalisha maskini wote wa Mathare. Ile methali ya mzaha mzaha hutumbua usaha, tunaitumia kumwonya mtu kwamba mzaha huleta madhara. Lakini fikirini tena. Jipu lisilotumbuliwa huua. Tatizo ni kulitumbua kisha kuliacha wazi bila kulisafisha. Kwa hiyo thamani ya kichekesho haipimwi kwa sauti ya kicheko, bali kwa kile kinachofuata nyumbani kabla ya wiki kwisha.

Yapo pia mambo ambayo hayafai kuigizwa ili watu wacheke, na la kwanza ni kipigo. Mmeona ukumbini: kofi la kuigiza ndilo hupata kicheko kikubwa kuliko maneno yote. Lakini Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Katika kila wanawake watatu walioketi mbele ya kofi lile la mchezo, karibu mmoja analijua kofi lenyewe. Januari 2024 maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine kulilia wanawake waliouawa. Kwa kipimo cha Mtakatifu Tomaso, kipigo si jambo dogo, na hakiwezi kuchekwa bila kwanza kumfanya mdogo aliyepigwa.

Na mama aliye katika hatari ajue haya, maana ni haki yake kuyajua. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1153, zinasema kwamba mwenzi anayemletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili humpa sababu halali ya kuondoka, kwa uamuzi wa Askofu, na kama kukawia ni hatari, hata kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo cha ndoa hakivunjiki kwa hilo, na sababu ikiisha, maisha ya pamoja yarudishwe. Lakini hakuna katekista wala mzee wa jumuiya mwenye ruhusa ya kumrudisha mtu penye kisu kwa jina la sakramenti. Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliandika katika waraka wake wa 2016 juu ya upendo katika familia kwamba kumtendea mke ukatili si nguvu za kiume bali ni woga. Nayo sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani inamwezesha mtu kuomba kinga mahakamani. Katiba ya 2010, ibara ya 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kufunga ndoa na ndani ya ndoa.

Na baba je?

Najua kuna mume anayesoma ukurasa huu huku akisema moyoni, "Na mimi nani ataniigiza?" Ni haki kuuliza. Yule mlevi wa kwenye kichekesho huenda ni mtu aliyefutwa kazi Industrial Area miezi minne iliyopita na bado anatoka asubuhi na bahasha mkononi ili watoto wasijue. Mchezo unaomwonyesha mume kama mnyama asiye na sababu nao ni dhihaka, kwa kipimo kilekile. Mambo yake nayo yaigizwe. Lakini, baba, kuna utaratibu. Mkeo akikueleza taabu yake, usijibu kwa kuleta yako kabla hujaisikia yake hadi mwisho. Hayo yatakuwa mashindano ya majeraha, na hayana mshindi.

Yafaa tufanye nini?

Niwape mambo machache ambayo hayahitaji ukumbi wala pesa.

Kwanza, igizeni ninyi wawili nyumbani, dakika tano tu, watoto wakiwa wamelala. Mume awe mke, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi watoto watoke kwenda shule. Mke awe mume, kuanzia anapotoka kazini hadi anapogusa mlango wa nyumba. Mtashangaa. Wapo waume wasiojua sweta ya mtoto hukaa wapi wala unga unauzwa pesa ngapi. Na wapo wake wasiojua ni wangapi wanaomdai mume njiani kati ya steji na mlangoni.

Pili, wekeni masharti matatu. Kila mmoja aanze kwa kuigiza kosa lake mwenyewe kabla ya kosa la mwenzake. Yeyote akisema "basi", mchezo usimame papo hapo bila kuulizwa sababu. Na siri za chumbani, pamoja na zile za watoto, zisitolewe nje kuwa vichekesho, hata kama zinachekesha.

Tatu, katika jumuiya, usiuache mchezo uishe kwa njia ya kawaida. Mwisho wetu wa kawaida ni kwamba baba anapiga magoti, anaomba msamaha, na wimbo unaanzishwa. Ni mwisho wa bei rahisi. Augusto Boal wa Brazili, aliyeishi kuanzia 1931 hadi 2009, alifundisha namna nyingine ya kuigiza: mchezo unasimamishwa penye ugumu, na mtazamaji anaalikwa kuingia mahali pa mhusika na kujaribu mwenyewe. Simamisheni pale mama anapouliza pesa ziko wapi. Mwiteni baba mmoja wa kweli aketi kwenye kile kiti ajibu. Kisha mwiteni mwingine. Mtaona jinsi kicheko kinavyobadilika kuwa mazungumzo.

Nne, viongozi wa jumuiya wawatazame wale wasiocheka. Katika kila kichekesho yuko mmoja ambaye hucheka akiwa amechelewa kidogo, baada ya kuwatazama wenzake. Mtembeleeni wiki hiyo. Msiende kumhoji. Mpelekeeni hata kilo ya unga, mkae naye.

Hatimaye, jibu langu kwa swali la mwanzo. Ndiyo, ni halali kucheka taabu ya mke, iwapo mwenye taabu ndiye anayeongoza kicheko, au anaweza kukijibu, na iwapo anayecheka yuko tayari kubeba mtungi mmoja kati ya ile miwili. Pasipo hayo, tunachocheka ni mtu, na mtu huyo ndiye tuliyeahidi mbele ya altare kumpenda na kumheshimu siku zote.

Maswali ya kuzungumzia ninyi wawili:

1. Ni taabu gani ya mwenzangu ambayo nimezoea kuifanyia mzaha, na sijawahi kuuliza kama inamuuma?

2. Mara ya mwisho tulipocheka pamoja, bila mmoja wetu kuwa ndiye anayechekwa, ilikuwa lini?

3. Jumapili ijayo, ni nani kati yetu anayestahili kulala saa moja zaidi, na mwingine atafanya nini ili awezeshwe?